Mlango wa Chumba cha Giza

Kila kozi ya upigaji picha hapa Nairobi huanza na pembetatu. Mwalimu anaichora ubaoni: pembe moja anaandika uwazi wa lenzi, ya pili kasi ya shata, ya tatu ISO. Anaeleza kwamba ukiongeza mwanga huku lazima upunguze kule, la sivyo picha itaungua ama itazama gizani. Wanafunzi wanatikisa vichwa, wanaupiga ubao picha kwa simu, halafu chai inaletwa. Nimekaa kwenye madarasa ya aina hiyo Jumamosi kadhaa, na karibu kila mara kuna mtu atakayemuuliza mwalimu alisomea wapi. Jibu nishalikariri: "Nilijifunza mwenyewe, bana. YouTube na kukosea."

Sina ubishi na jibu hilo. Ni kweli watu wengi wameiva kwa njia hiyo. Kinachonisumbua ni slaidi inayofuata, ile ya historia. Huwa na Daguerre wa Ufaransa, huwa na Kodak, huwa na Mmarekani mmoja aliyependa milima, kisha tunaruka moja kwa moja hadi kamera inayouzwa madukani leo. Miaka mia moja na zaidi ya watu waliopiga picha Zanzibar, Mombasa, Lamu na Nairobi haipo. Ukitoka pale unaamini kwamba picha ni kitu kilichotufikia juzi kwa intaneti, na kwamba kabla yetu hapakuwa na mtu wa kuuliza.

Watu hao walikuwepo. Pia walikuwa na kozi, ila hazikuitwa hivyo. Na ukizifuatilia hizo kozi moja baada ya nyingine, unaona kitu ambacho historia ya kamera peke yake haikuonyeshi: kila kamera iliposhuka bei, ujuzi ulijificha mahali pengine. Mlango haukuondolewa. Ulihamishwa tu.

*

Daguerre alitangaziwa ulimwengu kule Paris mwaka wa 1839. Kabla karne hiyo haijaisha, studio za picha zilikuwa zimeshafunguliwa Zanzibar, na jina linalokumbukwa zaidi ni A. C. Gomes, mmoja wa wapiga picha wenye asili ya Goa waliofanya kazi pwani hii. Waliokuja nyuma yao wengi walitoka Gujarati. Mwaka wa 1930 Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio pale Mji Mkongwe, na baadaye mwanawe Rohit akairithi. Mombasa, katika miaka ya 1940, N. V. Parekh alifungua studio yake, na kwa miaka mingi mbele ya kamera yake walipita maharusi wa Kihindi, familia za Waswahili na Waarabu, vijana wa bara waliotaka kutuma picha nyumbani, marafiki wawili waliovaa sare ili urafiki wao uonekane.

Angalia vizuri majina hayo. Baba na mwana. Gomes naye mwishowe aliandika "na Mwana" kwenye jina la biashara. Hiyo ndiyo iliyokuwa shule. Ujuzi ulikuwa mali ya ukoo, kama duka au shamba, na ulirithiwa kwa njia hiyo hiyo. Mtoto alianza kwa kufagia na kubeba maji, kwa sababu studio hula maji mengi. Kisha akaruhusiwa kukausha karatasi, kisha kukata kingo. Chumba chenyewe cha giza, mahali ambapo picha huzaliwa, kilikuwa cha mwisho kuingia. Mwanagenzi asiye wa ukoo angeweza kukaa miaka mingi nje ya pazia lile akijua kushika taa na kupanga viti lakini asijue vipimo vya dawa. Fundi mwenye akili hakuandika vipimo ukutani. Aliviweka kichwani, maana aliyevijua angeweza kesho kufungua studio ng'ambo ya barabara.

Ongeza juu ya hayo utawala wa kikoloni, ambao ulipanga mji kwa rangi: nani akae wapi, nani apewe leseni ya duka, nani akopeshwe. Mwafrika aliyetaka kuwa mpiga picha wakati huo alikabili pazia mbili, moja ya ukoo na moja ya serikali. Aliweza kupigwa picha vizuri sana. Kuwa upande wa pili wa kamera lilikuwa jambo jingine.

*

Ndani ya chumba hicho kulifundishwa nini hasa? Swali hili ni muhimu kwetu sisi ambao tunaamini kuediti ni jambo la kompyuta.

Filamu ilioshwa gizani totoro, kwa kupapasa. Karatasi iliweza kuvumilia taa nyekundu, kwa hiyo fundi aliona picha ikijitokeza polepole ndani ya trei: kwanza nywele na kivuli, mwisho weupe wa kanzu. Trei ya kwanza ilikuwa na dawa ya kuitoa picha, ya pili dawa chachu ya kuisimamisha, ya tatu dawa ya kuikaza ili isiendelee kubadilika ikitoka kwenye mwanga. Baada ya hapo ni maji, na maji tena. Aliyeharakisha kuosha aligundua kosa lake miaka kadhaa baadaye, picha ilipoanza kugeuka manjano ukutani kwa mteja.

Kazi ya kusafisha sura ilifanyika kwenye negativu yenyewe. Fundi alichonga penseli hadi ikawa kama sindano, akajaza chunusi na mikunjo kwa nukta ndogo ndogo chini ya kioo cha kukuzia. Kabla ya filamu za rangi kuenea, rangi zilipakwa kwa mkono juu ya picha nyeusi na nyeupe: midomo, mashavu, dhahabu ya hereni. Na pale chini ya mashine ya kukuzia picha, fundi alicheza na mwanga kwa viganja vyake. Akitaka uso uwe mweupe kidogo, aliuzuia mwanga kwa kipande cha kadibodi kilichofungwa kwenye waya. Akitaka anga iwe nzito, alitengeneza tundu kwa vidole na kuuachia mwanga uchome pale tu.

Fungua Photoshop leo, programu iliyoanza kuuzwa mwaka wa 1990, utafute vifaa vya kung'arisha na kutia giza. Alama yake moja ni kijiti chenye kichwa cha mviringo, nyingine ni mkono uliokunja vidole. Vijana wengi huvibofya kila siku bila kujua wanabofya mkono wa nani. Ni mkono wa yule fundi wa chumba cha giza.

*

Kulikuwa na somo moja zaidi ambalo hakuna kitabu cha Ulaya kilichowapa mafundi wa pwani, na hili ndilo linalofanya nisikubali kwamba historia hii ni ya kumbukumbu tu.

Kipimamwanga cha kamera hakijui kinachotazama. Kimetengenezwa kwa kudhani kwamba ulimwengu ukiuchanganya wote unatoa kijivu cha wastani. Ukielekeza kamera kwa bibi harusi mwenye ngozi nyeusi aliyevaa nguo nyeupe pe, kipimo kitavutwa na ile nguo na uso wake utazama. Filamu za rangi nazo zilikuja na upendeleo wao. Kwa miaka mingi maabara za kuchapisha picha zilisawazisha rangi kwa kadi za Kodak zilizokuwa na picha ya mwanamke mzungu. Wafanyakazi waliziita kadi za Shirley. Rangi zikikaa sawa kwa Shirley, mashine ilihesabiwa kuwa iko fiti. Wengine wote walitokea vile watakavyotokea. Mtafiti Lorna Roth wa Canada ameandika kwamba miongoni mwa waliolalamika hadi filamu zikaboreshwa ni watengenezaji wa chokoleti na wa fanicha, ambao bidhaa zao za kahawia hazikutoka vizuri kwenye matangazo. Malalamiko ya binadamu hayakuwa na uzito ule.

Sasa fikiria studio ya Mombasa ambako kwa siku moja wanaingia Mgiriama, Mhindi, Mswahili na Mwarabu, na kila mmoja analipa akitarajia kujitambua kwenye picha. Fundi hakuwa na nafasi ya kulaumu filamu. Ilibidi ajue mwanga upi utie mng'ao kwenye paji la uso, kitambaa gani kiwekwe nyuma, aongeze kiasi gani juu ya kile kipimo kilichosema. Huo ulikuwa utafiti, na maabara yake ilikuwa riziki. Sehemu kubwa ya majibu yake ilizikwa na wenye studio. Leo kijana wa Umoja ananunua pakiti ya vichujio vya rangi vilivyotengenezwa na mtu wa nchi ya baridi, anavitupa juu ya picha za harusi ya Machakos, halafu anashangaa kwa nini shangazi wote wamekuwa rangi ya chungwa.

*

Wapo waliolizunguka pazia. Priya Ramrakha alizaliwa Nairobi mwaka wa 1935 katika familia ya magazeti. Ami yake, G. L. Vidyarthi, ndiye aliyekuwa na Colonial Times, gazeti lililowakera wakoloni. Ramrakha alianza kupiga picha kwa ajili ya jamaa zake, kisha akaenda kusoma Los Angeles katika chuo cha sanaa, na akawa miongoni mwa Waafrika wa kwanza kupigia picha majarida makubwa ya Marekani. Aliuawa kwa risasi mwaka wa 1968 akiwa katika vita vya Biafra. Alikuwa na umri wa miaka 33.

Mohamed Amin alipita njia nyingine. Alizaliwa Eastleigh mwaka wa 1943, akakulia Dar es Salaam, na alipokuwa na miaka kama 11 akapata kamera ya Box Brownie iliyokwishatumika. Mwaka wa 1963 alikuwa ameanzisha kampuni yake, Camerapix. Picha zake za njaa ya Ethiopia zilizotangazwa na BBC Oktoba 1984 zilitikisa dunia. Mwaka wa 1991 mlipuko wa ghala la silaha Addis Ababa ulimkata mkono na kumuua mwenzake wa sauti, John Mathai. Amin alirudi kazini na mkono wa bandia, akaendelea hadi Novemba 1996, alipokufa katika ndege ya Ethiopia iliyotekwa na kuanguka baharini karibu na Komoro.

Hadithi hizi mbili husimuliwa kama za mashujaa, na ni sawa. Lakini zisome kama hadithi za masomo. Mmoja alikuwa na gazeti la familia na nauli ya Marekani. Mwingine alikuwa na mji wa bandari uliojaa matukio, na ujasiri wa kuuza picha kabla hajaota ndevu. Kwa kijana wa Majengo au Korogocho wa wakati huo, hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichokuwa cha kuokota barabarani.

Na kule Lamu kulikuwa na mtu ambaye angepaswa kuwa kwenye slaidi ya kwanza ya kila darasa la kuediti. Omar Said Bakor alikuwa na studio yake mjini humo tangu miaka ya 1960. Alikata picha, akaziunganisha upya, akazipiga tena: uso wa mtu ndani ya ua waridi, mtu akichomoza kutoka kwenye kitu kisichomtosha, mtu mmoja akionekana mara mbili katika picha ile ile. Alifanya hayo kwa mkasi, negativu na subira, katika mji wa Kiislamu ambako kupiga sura ya binadamu kulikuwa na maswali yake. Mjerumani Heike Behrend, mtaalamu wa anthropolojia, aliiandikia kazi yake kurasa nyingi. Sisi tunasubiri programu mpya itufundishe kuweka kichwa ndani ya ua.

*

Kufikia miaka ya 1980 na 1990 kamera ndogo za filamu zilikuwa zimeshuka bei na maabara za kuosha picha zilikuwa kila mtaa wenye biashara. Pazia la chumba cha giza likapoteza nguvu. Hukuhitaji tena kujua dawa. Ulipeleka filamu yako River Road asubuhi, ukachukua picha jioni. Ndipo wakajaa wapiga picha wa Uhuru Park na wa mbele ya KICC, wenye albamu ya mifano kifuani, waliojua kukupanga hivi kwamba jengo zima linaonekana umelishika kiganjani.

Mombasa walijipanga kwenye kivuko cha Likoni. Walijenga vibanda, wakachora mandhari nyuma: meli, ndege, maghorofa, maua ambayo hayajawahi kuota popote. Wengi wa wapiga picha hao walikuwa watu wa bara, na wateja wao wengi pia. Mtu aliyekuja pwani kutafuta kazi alisimama mbele ya ndege ya rangi ya mafuta, akatuma picha kijijini, na kijijini wakajua mambo yake yamenyooka. Hapa masomo yalikuwa ya kibanda kwa kibanda: unamtazama jirani, unaiga, unaboresha, unamzidi.

Agosti 1997, miezi michache kabla ya uchaguzi, Likoni ilivamiwa. Kituo cha polisi kilishambuliwa, watu waliuawa, na waliolengwa ni watu wa bara. Maelfu walikimbia. Kwa wapiga picha wa kivukoni hiyo haikuwa habari ya gazetini. Jumuiya nzima ya mafundi waliofundishana kwa kuchunguliana ilitawanyika kwa wiki chache.

Mwezi uliofuata, Septemba 1997, Mathare, jambo jingine lilianza. Mpiga picha Lana Wong na Francis Kimanzi, ambaye mashabiki wa Harambee Stars wanamjua kama kocha, waliwapa vijana 31 wa chama cha michezo cha MYSA kamera za plastiki za bei ya dola 30 kila moja. Mradi ukaitwa Shootback. Vijana walipiga maisha yao wenyewe: nyumba, mto, mazishi, mechi, mama akipika. Mwaka wa 1999 picha hizo zilitoka katika kitabu. Mmoja wa wanafunzi wale, Julius Mwelu, alikuja kuwa mpiga picha wa kazi, kisha akaanzisha wakfu unaofundisha vijana wengine wa Mathare picha na filamu.

Hiyo ni warsha kwa maana kamili. Fikiria tofauti yake na studio ya ukoo: hakuna aliyefagia miaka mitatu ndipo aguse kamera. Kamera ilikuja kwanza. Na mtu aliyefundishwa hakufunga mlango nyuma yake.

Mnyororo uliendelea. Boniface Mwangi, ambaye ameeleza mara nyingi jinsi maisha ya Mohamed Amin yalivyomvuta, alipiga picha ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007, kisha akazizungusha mitaani katika maonyesho ya Picha Mtaani ili Wakenya wajitazame. Baadaye akaanzisha PAWA254, na hapo vijana wengi wa Nairobi walipata mafunzo ya kamera bila kuulizwa wao ni watoto wa nani.

*

Basi tumefika leo. Kamera iko mfukoni. Chumba cha giza kiko kwenye simu ile ile. Mafunzo ya pembetatu ni ya bure ukiwa na bando. Ungesema pazia limeng'olewa kabisa.

Lakini muulize kijana aliyepiga harusi kumi mwaka jana kama aliandika mkataba hata mmoja. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 ina kipengele ambacho watu wachache hukifundisha: mteja akikuagiza kazi na hamkuandikiana vingine, haki za kazi hiyo huhesabiwa kuwa zimehamia kwake. Wasee wengi hulijua hilo siku picha yao imeshatundikwa kwenye bango la Thika Road. Upande wa pili, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 imefanya sura ya mtu kuwa jambo la kuombwa ruhusa; mwaka wa 2023 mkahawa mmoja Nairobi ulitozwa faini ya zaidi ya shilingi milioni moja kwa kuchapisha picha ya mteja bila idhini yake. Bei, mkataba, ruhusa, hifadhi: huko ndiko ujuzi ulikojificha safari hii. Wenye kujua hawauandiki ukutani, kama yule fundi na vipimo vyake.

Hifadhi ndiyo inayoniuma zaidi. Negativu ikiwekwa pakavu hukaa miaka mingi kuliko aliyeipiga. Diski yetu huanguka sakafuni Jumanne na harusi arobaini zinaenda nayo. Studio nyingi za zamani zilipofungwa, negativu zilitupwa, kwa kuwa warithi waliona ni takataka za baba. Tukizipoteza hizo na zetu pia, basi huko mbele mwalimu atachora pembetatu yake, atawataja Daguerre na Kodak, na atakuwa na haki ya kuruka.

Kwa hiyo nina ombi moja kwa anayefundisha na anayefundishwa. Jumamosi ijayo, kila mtu aje na picha moja ya zamani kutoka nyumbani, ile iliyochapishwa kwenye karatasi. Ya mama, ya babu, ya shangazi mbele ya ndege ya kuchora. Mtazame mwanga ulitoka upande gani, mtafute penseli ilipita wapi. Kisha mziinue na kuzigeuza. Nyuma, kwa wino uliofifia, mara nyingi kuna muhuri wa studio: jina la fundi, sanduku la posta, mtaa. Andikeni hilo jina ubaoni kabla ya pembetatu.